Kufunga Kituo cha Redio ya Ridhaa Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maswali yanayonifikia kuhusu redio ya ridhaa, yaani burudani ya kuzungumza kwa mawimbi na watu wengine wenye leseni duniani, ni yale yale. Ninunue redio gani? Mbona nasikia kelele tupu? Nikiwa Kakamega kweli nitafika Ulaya? Nimeamua kuyajibu yote kwa mpangilio, kuanzia karatasi za leseni hadi mazungumzo ya kwanza hewani, ili mtu aliye Kondele, Molo au Webuye afunge kituo chake bila kupoteza pesa njiani.

Shika hili kabla ya mengine: pesa iweke kwanza kwenye waya ulio juu na umeme uliotulia, redio baadaye. Redio iliyotumika miaka 20, ikipata antena nzuri, inasikika Ufini. Redio mpya ya bei kali iliyofungwa kwenye waya uliolala juu ya mabati itakuvunja moyo wiki ya kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni na alama ya mwito, ndiyo jina lako la hewani. Maelezo yako hatua ya kwanza.
- Redio ya kurusha na kupokea mawimbi mafupi. Nyingi ni za wati 100. Ndogo za wati 5 hadi 20 pia zinafanya kazi.
- Kigeuzi cha kutoa voliti 13.8 kutoka kwenye stima ya 240, chenye uwezo wa ampea 25 au 30 ikiwa redio ni ya wati 100. Au betri ya voliti 12 yenye nguvu ya kutosha.
- Waya wa shaba, mita 25 hivi. Ule wa kutandaza stima nyumbani wa milimita 2.5 unatosha, na uko kila duka la vifaa vya ujenzi.
- Kebo ya antena ya omu 50. RG-58 inafaa kwa umbali mfupi. Ukivuka mita 25 au 30, tafuta RG-213.
- Plagi za PL-259, chuma cha kulehemu na risasi yake, tepu ya mpira ya kuzuia maji.
- Mita ya SWR, ya kupima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Ukiweza, nunua NanoVNA. Ni ndogo, bei yake ni nafuu kuliko vipimo vya zamani, na inakuonyesha antena yako inakaa wapi bila kurusha hata wati moja.
- Kamba isiyoharibiwa na jua, vipande vya bomba la plastiki, nondo ya shaba ya kuingiza ardhini.

Plagi na kebo ya omu 50 si rahisi kupatikana Kisumu au Nakuru. Wengi huagiza kutoka maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, na mzigo unakuja kwa gari la abiria. Vitu vingine vyote vipo mtaani kwako.

Hatua ya 1: Leseni

Kurusha bila leseni ni kosa la jinai Kenya. Anayetoa leseni ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ambayo ina ofisi za kanda nje ya Nairobi, Kisumu na Eldoret zikiwemo. Kabla ya kwenda huko, wasiliana na Chama cha Redio ya Ridhaa Kenya, ARSK. Wanachama wake wamepita njia hiyo, watakueleza fomu na mtihani, na wengi wako tayari kumlea mgeni.

Ukikubaliwa utapewa alama ya mwito. Kenya imetengewa herufi 5Y na 5Z kimataifa, na wanaridhaa wa hapa kwa kawaida huanza na 5Z4. (Kabla ya uhuru ilikuwa VQ4, na bado utaiona kwenye kadi za mawasiliano za wazee.)

Onyo: usiagize redio kutoka nje kabla ya kumaliza jambo hili. Mtambo wa kurusha mawimbi ukifika forodhani bila kibali, unakaa huko. Na zile redio ndogo za mkononi zinazouzwa kila mahali si mchezo. Zinaweza kurusha kwenye masafa ya polisi na ya walinzi, na asiye na leseni akibonyeza kitufe ameshavunja sheria.

Kusikiliza wanaridhaa hakukusubirishi, kwa hiyo karatasi zikiwa njiani, endelea na hatua ya pili.

Hatua ya 2: Sikiliza, tena tembea na redio

Azima au nunua redio ndogo ya betri inayopokea mawimbi mafupi kwa SSB. SSB ndiyo sauti inayotumiwa na wanaridhaa. Redio ya kawaida isiyo nayo itakupa mkoromo tu.

Anza na bendi ya mita 20, kati ya megahezi 14.000 na 14.350, mchana au jioni. Kisha weka 14.100. Hapo kuna vituo 18 vya alama vilivyosambazwa duniani, kila kimoja kikirusha sekunde 10 kwa Morse (herufi kwa milio mifupi na mirefu), kikizunguka kila dakika 3. Kenya ina chake, 5Z4B. Kuna cha Afrika Kusini, ZS6DN, cha Israeli, 4X6TU, cha Ufini, OH2B, cha Japani, JA2IGY. Kila kimoja hutaja jina lake, halafu hupiga milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa 1, wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Ukisikia mlio wa tatu kutoka Ufini ukiwa Nakuru, umejifunza kitu ambacho hakuna kitabu kitakuaminisha: wati moja inatosha, njia ikiwa wazi.

Sasa zunguka boma na redio hiyo mkononi. Sikiliza kelele inapopanda na inaposhuka. Sogea karibu na taa za LED, chaja za simu, kidhibiti cha sola, ua wa umeme wa jirani, kisanduku cha TV. Mwambie mtu wa nyumbani azime swichi kuu ya stima huku ukisikiliza. Kelele ikikatika, mchawi yuko ndani ya nyumba yako na unaweza kumtafuta kifaa kwa kifaa. Isipokatika, iko nje, na antena yako itabidi ikae upande ule ulio kimya zaidi.

Kazi hii watu wanairuka. Usiiruke. Mjini Kisumu tofauti kati ya kona mbili za ploti moja inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kusikia Uganda peke yake na kusikia Brazili.

Hatua ya 3: Chagua pa kufunga antena

Antena ya kuanzia ni dipoli: waya mbili za urefu sawa, kebo katikati. Hakuna nyingine inayokupa faida kubwa kwa gharama ndogo hivyo.

Unahitaji mahali pamoja pa juu, mita 8 hadi 10, na pawili pa chini pa kufungia ncha. Magharibi ya Kenya tumejaliwa mikaratusi; mmoja ukiwa shambani kwako, nusu ya kazi imekwisha. Usipokuwa nao, nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa, au mianzi miwili iliyounganishwa na kufungwa ukutani, itafaa.

Sheria isiyo na msamaha: nguzo, waya au kamba vikianguka upande wowote, vibaki mbali na nyaya za stima za nje. Usipitishe antena juu ya waya wa stima, wala chini yake. Aliyeshika waya wa antena uliogusa laini ya Kenya Power hapati nafasi ya pili. Na ukiwa karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, usisimamishe mlingoti mrefu kabla ya kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Waya wa dipoli usilale juu ya mabati. Bati huivuta antena kutoka kwenye masafa yake na kula nguvu. Inua kitovu angalau mita 3 juu ya paa, zaidi ukiweza.

Kama umepanga kwenye ghorofa, zungumza na mwenye nyumba mapema, halafu fikiria bendi ya mita 10. Dipoli yake yote ni mita 5 tu, na waya mwembamba hauonekani kutoka barabarani.

Hatua ya 4: Kata waya

Hesabu ni moja: gawa 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Upande mmoja ni nusu yake.

- Mita 40, megahezi 7.1: mita 20.14 zote, 10.07 kila upande.
- Mita 20, megahezi 14.15: mita 10.10 zote, 5.05 kila upande.
- Mita 15, megahezi 21.2: mita 6.75 zote, 3.37 kila upande.
- Mita 10, megahezi 28.5: mita 5.02 zote, 2.51 kila upande.

Ukiniuliza ya kwanza iwe ipi, nitasema mita 40. Inakupa Afrika Mashariki mchana na mabara mengine usiku, na dipoli hiyo hiyo hukubali pia mita 15 ukiwa na kirekebishi cha antena ndani ya redio.

Sasa kata waya mrefu kuliko hesabu, sentimita 30 zaidi kila upande. Ganda la plastiki la waya na ardhi iliyo karibu huufanya uonekane mrefu kwa redio, kwa hiyo utaishia kupunguza. Kupunguza ni rahisi kuliko kuunga.

Katikati tumia kipande cha bomba la plastiki chenye matundu. Pitisha kila waya kwenye tundu, uzungushe, ndipo uulehemu kwenye kebo: upande mmoja kwa waya wa ndani, mwingine kwa wavu wa nje. Uzito wa antena ubebwe na bomba. Kiungo cha risasi kikibebeshwa mzigo hukatika kwa upepo wa kwanza kutoka Menengai.

Chini kidogo ya kitovu, zungusha kebo mara 10 hadi 12 kwenye bomba la inchi 4 na uifunge. Mizunguko hiyo huzuia mawimbi kurudi kwa nje ya kebo hadi chumbani kwako. Ukipata kishikizo cha feriti (kipande cheusi kinachobana kebo na kuzuia mawimbi hayo) kilichokusudiwa mawimbi mafupi, ni bora zaidi. Kisha funga maungio yote kwa tepu ya mpira, tabaka mbili, na tepu nyeusi ya stima juu yake. Maji yakiingia kwenye kebo, kebo hiyo imekwisha.

Hatua ya 5: Inua

Manati na mshipi wa kuvulia samaki ndiyo mashine ya kuinulia antena. Funga risasi ya kuvulia kwenye mshipi, irushe juu ya tawi, ikishuka upande wa pili unganisha kamba nene uivute. Watoto wasimame mbali.

Ncha za antena zifungwe kwa kamba na kipande cha bomba katikati, waya usiguse mti. Ziwe juu ya kichwa cha mtu mrefu aliyenyosha mkono, mita 3 au zaidi, kwa sababu ncha ndipo voliti zinapopanda wakati wa kurusha. Ng'ombe pia wahesabu.

Miti hucheza. Kamba ikiwa imekazwa sana, siku ya upepo mkali itakatika. Pitisha kamba ya upande mmoja kwenye kapi na uning'inize jerikani ya lita 5 yenye mchanga; mti ukiyumba, jerikani inapanda na kushuka, waya unabaki salama.

Kwa mita 40 usijali mwelekeo. Antena ikiwa juu mita 10 kutoka ardhini, mawimbi hupanda karibu wima na kurudi chini ndani ya kilomita mamia kadhaa, ndiyo maana inafaa sana kwa Nairobi, Kampala na Mwanza. Kwa mita 20 nyoosha waya mashariki-magharibi, ili nguvu iende kaskazini na kusini: Ulaya upande mmoja, Afrika Kusini upande wa pili.

Hatua ya 6: Pima, punguza, pima tena

SWR inakuambia ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kutoka kwenye antena. 1.5 ni safi. Hadi 2 endelea na kazi yako. Ikivuka 3, acha kurusha hadi urekebishe.

Tafuta masafa ambapo SWR iko chini kabisa. Tuseme dipoli ya mita 40 uliyoikata mita 20.8 inashuka kwenye 6.9 badala ya 7.1. Zidisha 20.8 kwa 6.9, gawa kwa 7.1, unapata 20.21. Punguza basi sentimita 30 hivi kila upande. Usikate mara moja: kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe, ipime, ukiridhika uikaze hivyo hivyo. Pande zote mbili zipungue sawasawa, na kila kipimo kifanywe antena ikiwa juu pale itakapoishi. Ukipima ikiwa chini kwenye nyasi, namba haina maana.

Bendi yetu ya mita 40, kwa kuwa tuko Kanda ya 1 ya kimataifa (Afrika na Ulaya), ni 7.000 hadi 7.200. Mmarekani anaweza kwenda hadi 7.300, wewe usimfuate huko.

Hatua ya 7: Umeme

Redio ya wati 100 hunywa ampea moja au zaidi kidogo ikisikiliza, na hupanda kufikia 20 na zaidi ukiongea. Nyingi huvumilia voliti kati ya 11.7 na 15.9. Waya mwembamba kati ya betri na redio hupoteza voliti mbili bila wewe kujua, kisha unalaumu betri. Tumia waya wa milimita 6, mfupi iwezekanavyo, na fyuzi kwenye chanya na hasi, karibu kabisa na betri.

Kwa vile stima yetu hupotea, ushauri wangu ni kuendesha redio kwa betri wakati wote na kuichaji kwa stima au sola. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 itakupa jioni ndefu. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Angalia tu kidhibiti cha sola: vya bei rahisi vina kelele mbaya mno mchana, na wakati mwingine dawa pekee ni kukizima ukiwa hewani.

Hatua ya 8: Radi

Hapa naomba usome polepole. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana ardhi hupata joto, upepo wa ziwani hukutana na ule wa nyanda za juu za Nandi, Kericho na Kisii, na kufikia saa tisa alasiri mawingu yamesimama. Usiku dhoruba huhamia ziwani. Watu wa Kakamega na Kisii hawahitaji kuelezwa. Kila mwaka radi inaua huko.

Kwa hiyo:

1. Ukimaliza kutumia redio, chomoa kebo ya antena. Kila siku, hata mbingu ikiwa safi.
2. Kebo isibaki mezani. Itoe nje ya dirisha, mbali na nyaya za stima.
3. Chomoa pia kigeuzi ukutani. Radi huingia kwa stima mara nyingi kuliko kwa antena.
4. Pale kebo inapoingia nyumbani, ingiza nondo ya shaba ardhini, mita 1.2 au zaidi, funga kizuia radi cha kebo hapo, kisha fundi wa stima mwenye leseni aiunganishe na nondo ya ardhi ya nyumba kwa waya mnene. Nondo mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko moja.
5. Ngurumo ikikukuta na hukuchomoa, iache. Usishike kebo dhoruba ikiwa juu yako. Redio inanunuliwa tena.

Kizuia radi hupunguza mshtuko wa radi iliyopiga karibu. Ikipiga antena yenyewe, hakiokoi redio. Mwuzaji akikuambia vinginevyo, usimsikilize.

Hatua ya 9: Saa na mahali ulipo

Wanaridhaa huandika saa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili kuna njia nyepesi: mchana, ongeza 3 kwenye saa yako. Saa moja asubuhi ni 0400. Saa sita mchana ni 0900. Saa kumi na mbili jioni ni 1500. Kuanzia saa moja usiku hadi saa nane usiku ongeza 15, kwa hiyo saa mbili usiku ni 1700. Saa tisa usiku ndipo tarehe ya UTC inabadilika.

Utaulizwa pia mraba wako, yaani herufi na namba zinazoonyesha ulipo kwenye ramani ya dunia. Kisumu, Kericho na Kisii ziko KI79. Nakuru mjini ni KI89. Ikweta inapita Maseno, na ukiivuka kuelekea kaskazini herufi inabadilika: Kakamega na Eldoret ni KJ70, Kitale ni KJ71.

Hatua ya 10: Ingia hewani

Chini ya megahezi 10 tumia upande wa chini wa SSB, LSB. Juu yake tumia upande wa juu, USB. Sikiliza masafa kwa dakika nzima, uliza kama yanatumika, uliza tena. Usipojibiwa, sema CQ (wito kwa kituo chochote) mara tatu, taja alama yako mara mbili kwa alfabeti ya kimataifa (Alfa, Bravo, Charlie), kisha achia kitufe usikilize. Anayeanza huita kwa muda mrefu mno na kusikiliza kidogo mno.

Mkipatana, mpe ripoti: 59 ni ya kusikika vizuri kabisa, 33 ni kwa shida. Taja jina lako la kwanza na mji. Majirani zetu ni 5X Uganda, 5H Tanzania, 9X Rwanda. Nao Kiswahili kinapita vizuri sana hewani. Biashara, siasa na muziki haviruhusiwi. Andika kila mawasiliano: saa, masafa, alama, ripoti.

Jiandae kwa jambo moja. Vituo vya Italia na Ujerumani viko maelfu. Vya 5Z4 vinatafutwa. Ukiita CQ kwenye mita 15 alasiri, Ulaya nzima inaweza kukujibu kwa pamoja, na mgeni hutishika akazima redio. Usizime. Shika herufi mbili ulizozisikia, ziseme na ripoti, na usimjibu mwingine hadi huyo amalize. Wakizidi, waambie wakuite kilohezi 5 juu yako na usikilize huko, ili masafa yako yabaki wazi wakusikie. Au waite kwa namba iliyo kwenye alama zao, sifuri hadi tisa, kila namba watu wachache. Sauti yako ikiwa tulivu, nao watatulia.

Asiyependa kelele za sauti aanze na FT8, mfumo wa kompyuta wa kutumiana ujumbe mfupi uliotoka mwaka 2017 kutoka kwa Joe Taylor na Steve Franke. Programu yake, WSJT-X, ni ya bure. Masafa ni 7.074, 14.074, 21.074 na 28.074, daima USB. Kila zamu ni sekunde 15, hivyo saa ya kompyuta isikosee hata sekunde moja. Wati 20 au 30 zinatosha kabisa. Punguza sauti inayoingia redioni hadi mshale wa ALC, kipimo cha redio kinachoonyesha sauti ikizidi, usisogee. Ukiizidisha unachafua bendi ya wenzako.

Mambo yanapoenda mrama

*Kelele kubwa kwenye bendi zote.* Rudi hatua ya 2, zima swichi kuu, redio ikiwa kwenye betri. Wanaoongoza ni taa za LED za bei rahisi na vigeuzi vya kompyuta. Mlio wa tik-tik kila sekunde hivi ni ua wa umeme. Mwenyewe aangalie mahali waya unapogusa majani au nguzo.

*SWR iliyokuwa nzuri imepanda ghafla.* Ikiwa ni baada ya mvua, maji yameingia kwenye plagi ya juu. Ikiwa inarukaruka upepo ukivuma, kuna kiungo kilicholegea. Weka mzigo bandia wa omu 50 mwisho wa kebo: SWR ikishuka hadi 1, kebo ni nzima na ubaya uko kwenye waya.

*Redio inajizima ukiongea kwa nguvu.* Voliti zinashuka. Pima kwenye plagi ya redio, si kwenye betri, huku mwenzako akirusha. Kaza viungo, nenepesha waya.

*Spika za TV zinaguna, kompyuta inakatika, maikrofoni inakuchoma midomo.* Mawimbi yanarudi kwa nje ya kebo. Ongeza mizunguko, weka feriti kwenye waya wa USB wa kompyuta na wa umeme, sogeza antena mbali na nyumba. Jirani akilalamika, mkaribishe ndani, mpimane pamoja, na umnunulie feriti wewe mwenyewe.

*Unawasikia, hawakusikii.* Angalia upande wa SSB kwanza, halafu kama yule unayemwita anasikiliza kilohezi kadhaa juu. Kwenye redio ya mkononi ya VHF (masafa ya juu zaidi ya mawimbi mafupi), huenda kirudufishi, kituo kinachopokea sauti yako na kuirusha tena, kinahitaji toni ambayo hukuiweka.

*FT8 inaonyesha mistari lakini haisomi chochote.* Saa ya kompyuta, karibu kila mara. Irekebishe kwa intaneti au kipokezi cha GPS.

*Mita 40 imekufa mchana.* Haijafa. Jua la adhuhuri linameza mawimbi ya masafa ya chini, kwa hiyo yaliyobaki ni ya karibu tu. Panda mita 15 au 10, urudi 40 jua likitua.

*Bendi zote zimenyamaza kwa mpigo, katikati ya mchana, na SWR haijabadilika.* Kumetokea mlipuko kwenye uso wa jua. Sisi wa ikweta, jua likiwa utosini, tunapigwa vikali kuliko wengine. Usifungue redio wala usishushe antena. Subiri, pengine saa nzima, huku ukisikiliza mita 10 na 15, kwa sababu masafa ya juu ndiyo hurudi kwanza.